Pacha wa kioo: nusu ya kidonge iliyokuwa chungu bure

Wasomaji wangu, poleni kwa ukimya. Wiki tatu hivi sijaandika kitu kwa sababu ya kazi za watu (hifadhidata ya mteja imenitoa jasho, tuyaache hayo), na najua niliahidi kuendelea na masomo ya Python. Itabidi Python ingoje. Leo nataka kuwasimulia historia ya kidonge kimoja, kwa sababu wiki iliyopita nilikilamba. Nilikilamba kwa hiari yangu, nina akili timamu, ili nijue kama yule mtoto alikuwa akituhadaa.

Hadithi yenyewe inaanzia Makongeni. Kwa msiojua Nairobi: ni mtaa wa Eastlands kando ya Jogoo Road, jirani na Kaloleni na Mbotela, uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Ndiko nilikolelewa. Mwaka 2009 dada yangu mkubwa alikuja kututembelea kutoka Mbita, kule ziwani, akiwa na mwanawe wa miaka minne. Mtoto alikuwa na tumbo limejaa, mchovu, na choo chake kilikuwa na damu. Tukampeleka kliniki moja ya mtaani, wakapima choo, wakasema ni kichocho cha tumbo. Kwa watoto wanaocheza ukingoni mwa Ziwa Viktoria jambo hilo si la ajabu. Konokono wadogo wa majini hutoa vimelea, vimelea hupenya ngozi, na baada ya wiki kadhaa minyoo inakaa kwenye mishipa ya damu inataga mayai.

Dawa ilikuwepo. Prazikwanteli, kidonge kirefu cheupe cha miligramu 600. Kipimo ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, na mpwa wangu alikuwa na kilo 15, kwa hiyo hesabu ilitoka safi kabisa: kidonge kimoja. Rahisi, sivyo?

Haikuwa rahisi. Kidonge kizima hakikupita koo la mtoto wa miaka minne. Tukakivunja, akakitema. Tukakisaga tukakitia kwenye uji wa wimbi, akaonja kijiko kimoja akatapika uji wote. Tukajaribu soda, tukajaribu ndizi, tukajaribu asali. Mwishowe mimi, mjomba mtu, nikamshika pua ili afungue mdomo. Nyanya akatoka jikoni akasema, "Mwacheni mtoto wa watu, mtamuua kabla ya minyoo." Sidhani kama alimeza hata theluthi. Kule kliniki wakatuambia hakuna ya watoto wadogo, tungoje akue, akifika shule atapewa pamoja na wenzake.

Wakati huo nilidhani ni ukaidi tu. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba nusu ya kidonge kile haikuwa na kazi yoyote ya maana dhidi ya minyoo, na kwamba nusu hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa chungu zaidi. Naomba urudie kusoma sentensi hiyo. Mimi niliisoma mara tatu.

Ili kuelewa hilo tazama mikono yako. Wa kushoto na wa kulia vina vidole vile vile, urefu ule ule, uzito ule ule. Lakini huwezi kuvaa glavu ya kushoto mkono wa kulia. Ni pacha, ila ni pacha wa kioo: mmoja ni taswira ya mwenzake. Molekuli nyingi ziko hivyo pia. Atomi zile zile, zimeungana kwa mpangilio ule ule, lakini moja imeelekea kushoto na nyingine kulia. Wakemia huziita kairali, neno lililotokana na Kigiriki cha "mkono". Sisi watengeneza programu tunayo balaa inayofanana nayo. Unahamisha namba kutoka mashine moja kwenda nyingine, baiti ni zile zile, ukubwa wa faili ni ule ule, lakini moja inasoma kuanzia mwisho huu na nyingine inasoma kuanzia mwisho ule. Ukihesabu baiti tu, kila kitu kiko sawa. Ukiendesha programu, mambo yanakwenda mrama.

Na mwili ni programu inayojali mpangilio. Protini zetu zimejengwa kwa vipande vya mkono mmoja tu. Kwa hiyo dawa ya kushoto inaweza kuingia kwenye kufuli pale ambapo pacha wake wa kulia anabisha hodi bila kufunguliwa.

Sasa swali ambalo ndilo hasa lililonivuta: kama pacha hawa wana uzito mmoja, wanayeyuka kwenye joto moja, na karibu kila kipimo cha kawaida cha maabara kinasoma namba ile ile kwa wote wawili, mtu atajuaje kilichomo ndani ya kidonge?

Jibu lilianza na mwanga. Mwaka 1815 Mfaransa Jean-Baptiste Biot aligundua kwamba baadhi ya vimiminika, kama mafuta ya tapentaini, vinaupinda mwanga kwa namna ya ajabu. Mwanga wa kawaida hutetemeka pande zote. Ukiupitisha kwenye kichujio maalumu unabaki ukitetemeka upande mmoja tu, kama kamba inayotikiswa kati ya mbao za uzio. Biot aliona kwamba mwanga huo uliochujwa ukipita kwenye tapentaini, upande wa mtetemo unazunguka. Ukipita kwenye maji ya sukari, unazunguka pia. Hakujua kwa nini, lakini aliweza kupima ni kwa digrii ngapi.

Halafu akaja Louis Pasteur. Wengi tunamjua kwa maziwa na chanjo ya kichaa cha mbwa, lakini mwaka 1848 alikuwa kijana wa miaka 25 jijini Paris anayehangaika na asidi ya tatariki, ile inayoganda kwenye mapipa ya divai. Palikuwa na asidi mbili za aina hiyo. Moja ilizungusha mwanga kwenda kulia. Nyingine, yenye kemia ile ile kabisa, haikuzungusha chochote. Pasteur akachukua chumvi ya ile isiyozungusha, akaiacha ikauke ikafanya fuwele, akazitazama kwa lenzi. Akaona kwamba fuwele ziko za aina mbili: nyingine zina kona ndogo iliyokatwa upande huu, nyingine upande ule. Akakaa chini akazichambua moja moja, kama mama anavyochambua mchele, rundo hili kushoto na rundo lile kulia. Akayeyusha kila rundo peke yake. Moja likazungusha mwanga kulia, la pili likazungusha kushoto, kwa kiasi kile kile. Alipochanganya sawa kwa sawa: sifuri.

Biot, ambaye sasa alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 70, hakuamini. Akamwita kijana, akampa asidi aliyoichagua yeye mwenyewe, akamtaka arudie kazi yote mbele ya macho yake. Pasteur akarudia, na mzee akapima kwa mkono wake akaridhika. Napenda sana kisa hiki, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa kufanyiwa kazi ya mtu: usiniambie ilifanya kazi kwenye mashine yako, iendeshe hapa kwangu.

Kuna bahati moja ndani yake. Chumvi ile hujitenga kuwa fuwele za kushoto na za kulia pale tu inapokauka kwenye ubaridi wa chini ya digrii 27 hivi. Paris ni baridi. Nairobi yetu nayo ingefaa siku nyingi za mwaka. Pasteur angekuwa Mombasa mwezi wa Februari, angepata fuwele za aina moja tu zenye pacha wote wawili ndani, na pengine leo tungekuwa tunamsoma mtu mwingine.

Basi nikasema, haya mambo ya 1815 mtu hawezi kuyafanya nyumbani? Anaweza. Unahitaji monita kuukuu ya LCD, karatasi ya plastiki nyeusi iliyo mbele ya kioo cha kikokotoo kilichokufa (ni kichujio kile kile cha mwanga), glasi, sukari, na protrakta ya mtoto wa shule. Mwanga unaotoka kwenye monita ya LCD tayari umechujwa, hivyo ndivyo skrini hizo zinavyofanya kazi. Nililaza monita chali mezani, nikaandika mistari miwili ya programu ya kujaza skrini rangi ya kijani, nikatazama kutoka juu kupitia ile plastiki na kuizungusha mpaka skrini ikawa giza. Nikaweka alama. Kisha nikaweka juu ya skrini glasi yenye maji ya sukari yenye kina cha sentimita 10, gramu 100 za sukari zilizoyeyushwa mpaka jumla ikawa mililita 200. Ndani ya glasi giza likaondoka! Ilinibidi nizungushe plastiki tena, kulia, mpaka giza lirudi. Protrakta ikasema digrii 40 hivi. Vitabu vinasema sukari ya kiasi hicho, kwa mwanga wa manjano, huzungusha digrii 33, na kijani huzungushwa zaidi kuliko manjano, kwa hiyo nilifurahi mno. Mke wangu hakufurahi, ilikuwa sukari ya chai.

Kifaa cha maabara kinaitwa polarimita na ndani yake ni jambo lile lile, ila taa ni safi na digrii zinasomwa hadi sehemu ndogo sana. Kwa zaidi ya miaka 100 hiki ndicho kilikuwa kipimo cha usafi wa mkono wa dawa. Kwinini, kwa mfano, inatoka kwenye mti, na mti hutengeneza mkono mmoja tu, kwa hiyo inazungusha mwanga kushoto kwa nguvu na mpimaji anajua digrii za kutegemea.

Tatizo lilikuja binadamu walipoanza kupika dawa wenyewe. Ukipika molekuli kutoka kwenye malighafi isiyo na mkono, unapata kushoto na kulia nusu kwa nusu. Mchanganyiko huo huitwa rasemati, na jina lenyewe linatokana na Kilatini cha kichala cha zabibu, kwa heshima ya asidi ile ya Pasteur. Kuwatenganisha pacha ni gharama, kwa hiyo kwa miongo mingi viwanda viliuza rasemati na hakuna aliyeuliza. Kila anayesimulia habari hii hukimbilia thalidomaidi, dawa iliyolemaza maelfu ya watoto mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na kusema pacha mmoja alikuwa mwema na mwingine mwovu. Ni hadithi tamu lakini imekatwa mkia: pacha wa thalidomaidi hugeuka mmoja kuwa mwenzake ndani ya mwili, kwa hiyo kumeza mmoja peke yake kusingeokoa mtu. Mfano ninaoupenda zaidi ni ethambutoli, dawa ya kifua kikuu ambayo familia nyingi za Eastlands zinaijua. Ilipatikana kwenye maabara za Lederle, Marekani, mwaka 1961, na ni umbo la kulia pekee linalozuia vijidudu vya TB kwa nguvu. La kushoto karibu halifanyi kitu. Kwa hiyo ethambutoli imeuzwa tangu mwanzo ikiwa ya mkono mmoja. Sheria zilikuja polepole. Mwaka 1992 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa mwongozo kwamba anayeleta dawa mpya ya pacha lazima aeleze kila pacha anafanya nini.

Prazikwanteli ilizaliwa kabla ya hapo. Ni kazi ya kampuni mbili za Ujerumani, Merck ya Darmstadt na Bayer, katika miaka ya 1970. Mwishoni mwa muongo huo Shirika la Afya Duniani lilisimamia majaribio kwa binadamu katika nchi kadhaa, Zambia ikiwemo, na kufikia 1980 dawa ilikuwa sokoni. Ilikuwa muujiza kidogo: kipimo cha siku moja, hutibu kichocho cha tumbo na cha mkojo, madhara machache. Ilikuwa ghali mwanzoni, mpaka mwaka 1983 kampuni ya Shin Poong ya Korea Kusini ilipobuni njia yake ya kuipika na bei ikaanza kushuka. Baadaye kidonge kimoja kilifika chini ya senti 10 za dola. Tangu 2007 Merck imekuwa ikiitoa bure kupitia Shirika la Afya, na ahadi yake ilifika hadi vidonge milioni 250 kwa mwaka.

Na vyote vilikuwa rasemati. Kufikia miaka ya 1980 ilishajulikana kwamba pacha mmoja, yule anayezungusha mwanga kushoto, ndiye muuaji wa minyoo. Mwenzake ni abiria. Hana sumu ya kutisha, ila anachukua kiti. Mtu mzima wa kilo 60 anameza vidonge vinne vikubwa, na dawa inayofanya kazi ingetosha kwenye viwili. Kisha mwaka 2009, mwaka ule ule nilipokuwa namshika mtoto pua, watafiti walichapisha kipimo cha ladha: walionjesha watu pacha hao mmoja mmoja, na uchungu mwingi ukaonekana kutoka kwa yule abiria.

Kwa watu wazima hilo si jambo kubwa, unafumba macho unameza. Kwa watoto ndilo lililokuwa jambo lenyewe. Kampeni za shuleni zilitumia fito ya kupimia urefu badala ya mizani, mtoto anasimama kando ya fito na alama inaonyesha vidonge vingapi. Alama ya kwanza ilianzia sentimita 94. Aliyekuwa chini ya hapo hakuwepo kwenye hesabu, ingawa alikuwa akioga kwenye maji yale yale na kaka zake.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo watu wa programu huria mtaipenda. Kwa nini wasiondoe tu yule abiria? Kwa sababu dawa ni ya senti chache, na njia za kutenganisha pacha zilikuwa zikipandisha bei. Mwaka 2006 mkemia aitwaye Matthew Todd, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Sydney, aliweka swali hilo hadharani kwenye tovuti ya The Synaptic Leap: nani anajua njia rahisi ya kupata prazikwanteli ya mkono mmoja tu? Baadaye walipopata fedha, pamoja na Shirika la Afya, kundi lake likafungua daftari la maabara kwenye mtandao. Kila jaribio, lililofaulu na lililoharibika, lilionekana na yeyote. Wakemia wasiofahamiana, wengi wao wa viwandani, wakaanza kutuma mawazo: jaribuni kutenganisha kabla ya hatua ya mwisho ya mapishi, jaribuni asidi fulani. Kampuni ya Syncom ya Uholanzi ilifanya kazi ya mkataba juu ya swali hilo hilo ikafika kwa njia yake. Mwaka 2011 matokeo yalichapishwa, wazi, bila hataza. Yaani sawa kabisa na mtu anayeweka hitilafu yake hadharani na kurekebishiwa na wageni.

Na njia yenyewe? Unachukua molekuli ya hatua ya kabla ya mwisho, unaichanganya na asidi yenye mkono mmoja, jamaa wa asidi ya tatariki. Asidi ikishikana na pacha wa kushoto inatoa chumvi ya tabia moja, ikishikana na wa kulia inatoa chumvi ya tabia nyingine, kwa sababu sasa si taswira za kioo tena. Moja inaganda, nyingine inabaki kwenye kimiminika. Unachuja. Pasteur mwenyewe alitumia hila hiyo mwaka 1853, kwa upande wa pili: alitumia vitu vilivyotokana na mti wa kwinini kutenganisha pacha wa asidi ya divai. Dawa ya malaria ikatenganisha asidi ya divai, halafu miaka 150 baadaye ukoo wa asidi ya divai ukatenganisha dawa ya kichocho.

Lakini ukishatenganisha, unajuaje umefaulu? Hapa polarimita inaanza kuchoka. Tuseme inasoma asilimia 98 ya digrii za dawa safi. Unaweza kudhani una asilimia 2 ya uchafu. La, una 99 kwa 1, kwa sababu kila pacha mbaya mmoja anafuta kazi ya pacha mzuri mmoja, na 99 kutoa 1 ni 98. Sasa kosa dogo la usomaji, au joto la chumba, linakaribia ukubwa wa kitu unachokitafuta. Kwa dawa yenye mzunguko mdogo ni taabu zaidi. Ethambutoli inatakiwa isome digrii 6 hadi 7 tu, na asilimia moja ya pacha mbaya ndani ya hapo ni kitu kidogo mno.

Jambo la pili nililiona mwenyewe. Mfamasia mmoja rafiki yangu alinipa kidonge cha zamani cha prazikwanteli kilichopitwa na tarehe. Nikakisaga nusu, nikakiloweka kwenye spiriti, nikachuja kwa karatasi, nikaweka juu ya monita yangu. Giza halikusogea. Sifuri. Ndivyo inavyotakiwa kuwa, ni rasemati. Lakini chokaa nayo ingesoma sifuri! Polarimita haiwezi kutofautisha pacha wawili wanaovutana kwa nguvu sawa na chombo kisicho na mtu ndani.

Kwa hiyo maabara za leo zinawapitisha pacha kwenye njia wanayotengana. Unachukua bomba la chuma, urefu wa sentimita 25 hivi, unalijaza unga laini wa silika uliopakwa kitu chenye mkono mmoja, halafu unasukuma dawa ipite ndani kwa shinikizo. Fikiria pacha wawili wanaotoka stendi kwenda nyumbani kijijini. Njia nzima imejaa wazee wanaosalimia kwa mkono wa kulia. Anayetoa mkono wa kulia anashikwa kila hatua, habari za huko, watoto wazima. Anayetoa wa kushoto anatazamwa tu, anapita. Walitoka pamoja lakini mmoja atafika amechelewa. Mwisho wa bomba kuna kihisi kinachochora vilima viwili kwenye tarakilishi, na eneo la kila kilima linakwambia kiasi cha kila pacha. Rasemati inachora vilima viwili vya kulingana. Dawa safi inachora kilima kimoja na, ukikuza picha sana, kichuguu pembeni. Kichuguu hicho ndicho mpimaji anachokitafuta. William Pirkle wa Illinois alileta mabomba ya namna hii sokoni mwaka 1981, na Yoshio Okamoto wa Japani akagundua katika muongo huo kwamba selulosi iliyorekebishwa kidogo, ile ile ya pamba na karatasi, ni mzee mzuri sana wa kusalimia. Hapa kwetu maabara ya taifa ya kupima dawa iko Nairobi, nayo ilipata idhini ya Shirika la Afya mwaka 2008.

Turudi ziwani. Mwaka 2012 uliundwa muungano wa kutafuta prazikwanteli ya watoto wadogo, ukiwa na Merck, taasisi ya tropiki ya Uswisi, na baadaye KEMRI yetu pamoja na wengine. Wakachagua pacha wa kushoto peke yake, wakakiita arprazikwanteli: kidonge kidogo cha miligramu 150 kinachoyeyuka kwenye maji. Kwanza walihitaji kujua ladha, na hawakuwauliza wakubwa. Walikwenda Tanzania wakawapa watoto 48 wa miaka 6 hadi 11 wasukutue na kutema, kisha waseme wameonaje. Vidonge vipya vikapata alama nzuri kuliko kile cha zamani kilichosagwa kwenye maji. Halafu kati ya 2019 na 2021 dawa ilijaribiwa kwa watoto 288 wa miezi mitatu hadi miaka sita, Ivory Coast na hapa Kenya, na upande wetu ilikuwa Homa Bay, kaunti ile ile ya Mbita. Takriban watoto 9 kati ya 10 walipona. Desemba 2023 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikaipa maoni mazuri, na Mei 2024 Shirika la Afya likaiidhinisha. Kiwanda kilichochaguliwa kuitengeneza kwa ajili ya Afrika ni Universal Corporation, kilichoko Kikuyu. Kutoka Makongeni ni mwendo wa reli ile ile aliyoijenga mkoloni, unapanda tu mlima.

Mpwa wangu sasa ni kijana mkubwa, anatengeneza simu mjini, na ndiye aliyenibandulia ile plastiki ya kikokotoo. Alitibiwa alipofika darasa la kwanza, miaka mitatu baadaye, kwa fito na vidonge kama watoto wengine. Miaka mitatu ile minyoo ilikaa. Nilipomsimulia haya yote alinitazama, akachukua nusu ya kidonge iliyobaki mezani, akaniambia, "Mjomba, leo ni zamu yako."

Nikalamba. Kwanza hakuna kitu, kama chokaa. Halafu baada ya sekunde chache uchungu ukapanda kutoka nyuma ya ulimi, wa kama betri na mwarobaini kwa pamoja, na maji hayakuuondoa. Chai haikuuondoa. Yeye alikuwa anacheka hadi machozi, kisha akaacha kucheka akauliza kama yule mtoto wa dada yake ambaye sasa ana miaka mitatu, na ambaye kila picha tunayotumiwa kutoka Mbita yumo majini, anaweza kupata hiki kipya.

Nikampigia dada simu pale pale. Alisema kwenye zahanati yao hajakiona bado, lakini mhudumu wa afya wa kijiji hupita Alhamisi na atamuuliza. Leo ni Jumanne. Nikipata jibu nitaliweka hapa chini.